Bizimu

Mwezi Machi, theluji bado magotini,
alikuja Evert Sjölund wa bima na tochi yake,
akalizunguka gari mara tatu, kimya,
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya watu.
Akapiga picha madigadi, bampa, viti vyekundu,
namba ya injini, hata kutu chini ya zulia.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
nami daftari ninalo, na mkebe wa biskuti
uliojaa risiti tangu mwaka wa sabini na nne.

"Thamani?" akauliza.
Nikakosa pa kuanzia kuhesabu.
Majira kumi na moja ya baridi
Torbjörn alilala chali chini ya Volvo hii,
akinyoosha mkono tu, bila kuniona,
nami nikimtilia spana kiganjani kabla hajataja namba.
Fomu ya Evert haikuwa na safu ya hayo.
Tukakubaliana kroni laki mbili na arobaini elfu,
kahawa ikapoa, tukatia sahihi.

Masharti: lisiguse barabara iliyomwagwa chumvi.
Lilale ndani ya kufuli. Lisishindane mbio na mtu.
Kwenye maonyesho, mwenyewe asiende mbali.
Na kwa kila jeraha
elfu tatu za mwanzo ni juu yangu.

Julai, uwanja wa Hedemora.
Nimefika umande haujakauka, nichague mahali:
si chini ya mti, kwa sababu ya utomvu na ndege,
si karibu na kibanda cha soseji,
si upande wa yule kijana
ambaye milango yake hufunguka kuelekea mbinguni.
Sinia chini ya injini, maana linadondosha kidogo,
uzee hauna siri.
Vigingi vinne, kamba, kibao: TAZAMA KWA MACHO.

Basi wakaja.
Mtoto na aiskrimu inayomtiririka hadi kiwikoni.
Mbwa aliyelipenda gurudumu la nyuma.
Bwana mwenye zipu wazi ya jaketi, anainama, anainama,
nami moyo unapanda kooni kila jino la zipu linapometa.
"Baba yangu alikuwa nalo kama hili."
Mara kumi na saba kabla ya chakula cha mchana; nilihesabu.
Na kila asemaye hivyo, mkono humtoka wenyewe
kuvuka kamba, kama anayetaka kumshika huyo baba.
"Kwa macho," nasema. "Kwa macho tu."

Saa tisa watu wamepungua.
Nikaiona kwenye boneti: alama ya kidole,
kimoja, kidogo.
Nikaichukua ile fulana kuukuu, laini kuliko shavu,
nikaivuka kamba yangu mwenyewe, nikainama.

Krrr.

Sauti ndogo, ya panya nyuma ya kabati.
Bizimu ya mkanda. Ya shaba. Ya Torbjörn:
mkanda wake nimeutoboa matundu mawili unitoshe.
Mstari mweupe, urefu wa kalamu, juu ya bluu
aliyoipiga msasa wiki nzima akikohoa.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakutaja kiuno.

Maj-Britt, jirani mwenye Saab ya kijani, aliona.
Akageuka kuangalia mawingu, kwa adabu,
ingawa mawingu hayakuwapo.

Jioni nikampigia Evert.
"Mhusika?" akauliza, kalamu tayari.
Nilikaribia kutaja jina.
"Fundi anadai elfu mbili na mia nane," nikasema badala yake,
tukanyamaza wote, tukipiga hesabu ileile,
kisha akacheka yeye kwanza.

Ajali haina kinga; ina karatasi.
Mwakani nitavaa gauni.

Nimelifunga gari, nikalijaribu kufuli mara mbili,
nikarudi na tochi kuutazama mstari.
Fulana niliisahau kule nyasini.
Kile kidole bado kipo.